Kurambaza: Zana ya Somo la Kuelea na Kuzama

Katika ripoti za mazoezi ya kufundisha zinazotufikia kila mwaka, lalamiko moja halikosekani: shule haina zana za kufundishia sayansi. Lalamiko hilo lina ukweli wake, wala hatukusudii kulidharau. Hata hivyo tumeliona likiandikwa na wanachuo waliopangwa katika shule za pwani, ambako mwalimu akiwa ubaoni hugeuza shingo tu akaona ngalawa zikitweka tanga na kutoka. Tangu Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwezi Machi 1967, walimu wa nchi yetu wameambiwa mara nyingi kwamba shule isijitenge na kazi za wananchi wanaoizunguka. Jambo ambalo halikuelezwa mara nyingi kiasi hicho ni namna ya kulitekeleza hilo saa nne asubuhi, katika kipindi cha dakika 40, mbele ya watoto 60. Ndiyo maana tumeona yafaa kueleza kwa kirefu kazi moja tu, nayo ni kurambaza, yaani kuvua kwa mshipi unaokokotwa nyuma ya chombo kinachokwenda.

Habari yenyewe ilianzia katika somo la Darasa la VI, katika shule moja ya Wilaya ya Pangani. Mwanachuo tuliyekwenda kumkagua alikuwa amejiandaa barabara. Juu ya meza paliwekwa beseni la maji, jiwe, msumari, kizibo, kipande cha ubao na yai. Ubaoni alichora jedwali la safu mbili, "vinavyoelea" na "vinavyozama", na watoto wakaitikia kwa pamoja kila kitu kilipotiwa majini. Ndipo mvulana mmoja wa nyuma aliponyosha mkono, akasema: "Mwalimu, chambo cha ubao cha kurambazia, ukikiacha kinaelea. Ukikivuta kinazama. Tukiandike safu ipi?" Wenzake walicheka. Mwanachuo alimjibu kwamba ubao huelea, akamwambia akae, akaendelea na yai.

Sisi tulikuwa tumekaa nyuma na fomu ya ukaguzi. Kwa kuifuata fomu, somo lile lilistahili alama nzuri: malengo yalikuwa wazi, zana zilikuwapo, muda ulitosha. Fomu haina mahali pa kuandika kwamba swali bora la siku nzima liliambiwa likae chini. Baada ya kipindi tulitazama daftari la mahudhurio, tukaona kwamba mvulana yule alikuwa na alama nyingi za kutokuwapo, hasa katika majuma ambayo bahari ilikuwa shwari. Mjomba wake humchukua kwenda kuvua. Jina lake lilikwisha kuandikwa katika orodha ya watoro sugu. Siku ile, basi, mtoto ambaye mguu mmoja uko shuleni na mwingine uko ngalawani alikuja na jambo analolijua kwa mikono yake mwenyewe, nalo lilikuwa sayansi hasa, akachekwa. Hakuna aliyemfukuza, lakini angekuwa na sababu gani ya kuleta jambo jingine?

Jioni mwanachuo alitueleza kwamba hakuwa na jibu. Hatukumpa. Tulimwomba tufuatane kesho yake kwa nahodha mmoja wa kijiji kile, mzee ambaye amerambaza tangu ujana wake. Tulipomwamkia na kumweleza kwamba tumekuja kufundishwa, alitutazama kwa muda, akasema: "Marahaba. Miaka yote walimu huja hapa kununua samaki tu. Karibuni." Kisha akatupandisha ngalawani, akatuonya tukae mbali na kamba za tanga.

Vifaa vya kurambaza ni vichache, lakini kila kimoja kina sababu yake, na mwalimu anayetaka kuvitumia darasani hana budi kuzijua sababu hizo. Mshipi siku hizi ni wa nailoni, uzi uliovumbuliwa Marekani mwaka 1935. Hukunjwa juu ya kibao. Mwisho wake hufungwa kipande kifupi cha waya, kwa kuwa nguru ana meno kama wembe na nailoni haimwezi. Kati ya mshipi na waya hutiwa kipete kinachozunguka, ili chambo kikijisokota kisiusokote mshipi mzima. Chambo chaweza kuwa chuchunge mzima, au ngozi ya samaki iliyokatwa nyembamba. Chaweza pia kuwa cha bandia, kama vile manyoya meupe ya kuku, kitambaa, au nyuzi za gunia la plastiki zilizochanuliwa. Huku ngalawani mshipi haufungwi moja kwa moja kwenye mti. Hufungwa kwanza kwenye ukanda uliokatwa katika mpira wa ndani wa baiskeli, ili samaki akinyakua kwa nguvu mpira uvutike na mshipi usikatike. Hapo peke yake pana kipindi kizima cha unyumbufu, lakini tulikiacha kwa siku nyingine.

Samaki wanaotafutwa kwa njia hii ni wale wanaowinda kwa mbio: nguru, jodari, kolekole, mzia. Kwa ajili yao chambo lazima kionekane kama kiumbe kinachokimbia, tena kiende katika kina wanakopita. Kina hicho ndicho shida yote ya kurambaza. Chambo kiko nyuma ya chombo, mbali, chini ya maji, hakuna anayekiona. Nahodha hujua kiliko kwa kufahamu mambo mengine anayoweza kuyapima: urefu wa mshipi alioutoa, unene wake, uzito uliotiwa, na mwendo wa ngalawa. Mwalimu wa sayansi asikose kulitafakari hilo, maana ndiyo kazi ya mtaalamu yeyote anayetaka kujua asichoweza kukiona.

Nahodha alitutolea chambo cha ubao ambacho mvulana alikitaja. Vya namna hiyo hutumiwa na mashua za wavuvi wa michezo katika Mkondo wa Pemba, na mafundi wa vijijini hujichongea vya kwao. Kilikuwa na umbo la samaki mdogo, hakifiki shibiri moja, na chini ya kinywa kilitokeza kibati kilicholala kwa mshazari mithili ya ulimi. Kikiachwa majini huelea, kwani mti wake ni mwepesi kuliko maji. Kikivutwa, maji hukutana na ulimi ule na kuusukuma. Na kwa kuwa ulimi umelala kwa mshazari, msukumo huo hukiinamisha kichwa, na chambo hupiga mbizi. Tena maji hayapiti sawasawa pande zote mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo chambo hutikisika kushoto na kulia kama samaki anayeogelea kwa taabu. Mtikisiko huo hupanda katika mshipi hadi kidoleni. Mtikisiko ukikoma, nahodha hajiulizi mara mbili: jani limenasa, auvute mshipi alitoe.

Mbona basi hakizami mpaka chini kabisa? Kwa sababu ziko kani zinazokipandisha. Mti wenyewe wataka kuelea. Zaidi ya hayo, mshipi mrefu ukipita majini huvutwa nyuma na juu na maji yenyewe. Ukitoa mshipi zaidi, chambo huenda chini zaidi, lakini hufika mahali ambapo urefu unaoongezwa hauleti faida tena, kwa kuwa mshipi ulioongezeka nao umekuwa mzigo. Kwa sababu hiyohiyo mshipi mwembamba hukipeleka chambo chini kuliko mshipi mnene, jambo ambalo wengi hulikisia kinyume, kwa kudhani kwamba kilicho kinene ndicho kizito na ndicho kizamacho.

Kisha nahodha alitoa mshipi wa pili, huu una chubwi ya risasi na manyoya tu, akatufanyia jambo ambalo lilitulipa safari nzima. Upepo ulipoongezeka na ngalawa ikakaza mwendo, mshipi wa chubwi ulilala ukakaribia usawa wa maji. Mshipi wa ulimi haukubadilika sana. "Huyu wa risasi ukikimbia hupanda," alisema. "Huyu mwenye ulimi hana habari nawe. Mpaka ukizidi kabisa, ndipo hupinduka akaruka juu kama mwehu." Na ngalawa ikipunguza mwendo juu ya mwamba, wa risasi huzama ukanasa, wa ulimi hupanda ukaokoka. Mwendo mmoja, vyambo viwili, matokeo yanayopingana. Tuliporudi pwani mwanachuo alikuwa ameandika kurasa nne.

Sasa tueleze namna alivyoligeuza jambo hilo kuwa somo, kwa maana maarifa ya nahodha hayaingii darasani kwa miguu yake. Hatua ya kwanza ilikuwa vipimo. Nahodha huhesabu mshipi kwa pima, akinyosha mikono yote miwili. Watoto walipewa kamba na kuambiwa kila mmoja apime pima 5. Kamba zao hazikulingana hata kidogo, na kamba ya nahodha ilizipita zote. Hapo ndipo walipofundishwa kwamba shibiri 2 ni dhiraa moja, dhiraa 2 ni wari, wari 2 ni pima, na kwamba pima iliyokubaliwa ni kama mita 1.83, na hapo ndipo walipoona wenyewe kwa nini watu walilazimika kukubaliana. Tumepata kuona kipimo sanifu kikifundishwa kwa kukariri tu. Hakikai.

Hatua ya pili ilikuwa mwendo. Mtu aliye omoni hutupa kijiti majini, na aliye tezini huhesabu sekunde hadi kijiti kimfikie. Ikiwa ngalawa ina mita 6 na kijiti kimetumia sekunde 4, mwendo ni mita 1.5 kwa sekunde, yaani kilometa 5.4 kwa saa. Noti moja ya mabaharia ni kilometa 1.852 kwa saa, kwa hiyo ngalawa hiyo yakaribia noti 3. Hesabu hizo zilifanywa darasani, kwa ngalawa iliyochorwa kwa chaki sakafuni na mtoto akitembea badala ya kijiti. Hakuna mtoto aliyepelekwa baharini, nasi twasisitiza hilo kwa nguvu zote: mwalimu asipande chombo na wanafunzi kwa ajili ya somo hili, wala ndoana isiingie darasani hata moja.

Hatua ya tatu ilikuwa kutengeneza chambo. Historia ya chambo cha namna hii yafaa kusimuliwa kwa wanafunzi, kwani yaonyesha kwamba hakikuzaliwa kiwandani. Mvuvi wa Ufini aitwaye Lauri Rapala alikuwa akivua kwa kupiga makasia ziwani, akaona kwamba samaki wakubwa hulichagua katika kundi la samaki wadogo lile moja linaloogelea kwa kuyumba. Mwaka 1936 alichonga kizibo kwa kisu cha mshona viatu, akakifunika kwa karatasi ya bati ya chokoleti na kukipaka filamu za picha alizoziyeyusha, hadi alipopata kinachoyumba kama yule mdogo dhaifu. Watoto wetu hawakuwa na chokoleti. Walikuwa na kandambili zilizokwisha na ndoo ya plastiki iliyovunjika, na hivyo vilitosha. Soli ya kandambili huelea vizuri sana. Ilikatwa kwa umbo la samaki lenye urefu wa kidole cha kati, tumboni ikachomekwa msumari mdogo ili chambo kisilale ubavu, na mdomoni ikapasuliwa mpasuko wa kuingiza ulimi uliokatwa katika ndoo. Puani kilitiwa kijicho cha waya cha kufungia uzi. Vingi katika vile vya kwanza vilikimbilia upande mmoja. Dawa yake ni kukipinda kijicho kidogo kuelekea upande ambao twataka chambo kiende, na watoto waliigundua kabla ya kuambiwa. Kimoja hakikukubali dawa yoyote, kikabakia kuogelea chali hadi mwisho wa kipindi. Nacho kilipendwa kuliko vyote.

Majaribio yalifanywa ufukoni maji yalipokuwa yamepwa na bahari imetulia. Mwanachuo na mwalimu mwenzake waliingia majini hadi kiunoni wakiwa na chambo. Watoto walikuwa nchi kavu na ncha nyingine ya uzi. Mvutaji alitembea kutoka majini kwenda juu, kwa hatua zilizohesabiwa kati ya vijiti viwili vilivyosimikwa mita 10 kutoka kimoja hadi kingine. Chambo kilitoka penye kina kuja penye maji machache, kikitikisika, mpaka mvutaji alipohisi mtikisiko umegeuka kuwa mgongano: ulimi umegusa mchanga. Alisimama hapohapo. Mahali hapo palipimwa kwa upondo uliotiwa alama za mkaa kila sentimeta 10, na kina kikaandikwa. Kisha likabadilishwa jambo moja tu, urefu wa uzi, mengine yote yakiachwa kama yalivyo. Kisha unene wa uzi. Kisha mwendo. Mwishowe ulimi uling'olewa, pakafungwa risasi ndogo, na majaribio yakarudiwa.

Twaomba walimu watarajiwa wasiipite haraka kanuni hiyo ya kubadilisha jambo moja tu. Ndiyo iliyo ngumu kuliko zote. Watoto walitaka kubadilisha uzi, ulimi na mwendo kwa pamoja, wakasema wanaharakisha kazi, na mwanachuo ilimbidi awaulize mara tatu: "Kimeshuka kwa sababu ya nini?" mpaka kikundi kimoja kikakaa kimya na kuanza upya bila kuamriwa. Walio na vyombo vya kisasa hawafanyi vinginevyo. Katika maziwa ya jimbo la Mississippi, Marekani, kama vile Ziwa la Grenada na la Sardis, wavuvi wa samaki aitwaye crappie hukokota vyambo vidogo vyenye ulimi kwa mwendo wa maili 1.5 hadi 2 kwa saa, na vigurudumu vyao vya mshipi vina saa ndogo inayohesabu futi zilizotoka. Samaki akikamatwa, huitazama saa ile kwanza. Wakikata kona huangalia ni mshipi upi uliopata, kwa kuwa wa upande wa ndani hupungua mwendo na wa upande wa nje huongezeka, wakajua kama waharakishe au wapunguze. Ni pima za nahodha wetu zilizotiwa ndani ya kifaa.

Mkufunzi mwenzetu aliyesikia habari hizi hakufurahi. Alisema kwamba shule za pwani zinapigana na utoro usiku na mchana, nasi twawapa watoto sababu nyingine ya kuipenda ngalawa. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Ndiyo iliyotufanya tukubaliane na mwanachuo kwamba somo lisiwe la kuvua, na kwamba kila kipindi kimalizikie kwenye jedwali, mchoro na sentensi zilizoandikwa kwa ukamilifu, hata kama watoto wangependa kubakia ufukoni. Lakini hatuafiki kwamba mtoto hurudishwa darasani kwa kufichwa kwamba anachokijua kina thamani. Ngalawa anaipenda tayari. Kuhusu mvulana yule hatuwezi kudai kwamba utoro wake umekwisha: daftari la mwezi uliofuata lilionyesha kwamba alikosa siku tatu. Siku ya majaribio alikuwapo, naye ndiye aliyeshika uzi wa kwanza.

Liko jambo jingine ambalo halikwenda vizuri kama lilivyopaswa. Kurambaza katika kijiji kile ni kazi ya wanaume, na tulipotazama vikundi tuliona wasichana wamepewa daftari na kalamu, wavulana wamepewa uzi. Mwanachuo aliwabadilisha, na wavulana wawili walinung'unika kwamba chambo kitapotea. Hakikupotea. Mwalimu atakayefuata njia hii apange vikundi mapema, asisubiri ufukwe umpangie. Na aliyepangwa Dodoma au Singida asitafute bahari. Amtazame anayefua chuma, anayefinyanga au anayechimba kisima, amwendee kabla ya kuandika andalio la somo, si baada.

Jedwali la Darasa la VI lilibandikwa ukutani: urefu wa uzi, unene, hatua kwa sekunde, kina. Swali la mvulana liliandikwa juu yake, na chini yake jibu ambalo darasa lilikubaliana baada ya ubishi mwingi: kwamba safu mbili hazitoshi, kwa sababu chambo hicho hakielei wala hakizami kwa asili yake peke yake, bali kwa mwendo. Nahodha alipokuja shuleni kwa mkutano wa wazazi alisomewa jedwali hilo na mpwa wa jirani yake, akaomba anakiliwe. Alipopewa nakala aliitazama, akauliza mbona hawakuandika rangi ya maji. Juma lililofuata watoto waliongeza safu ya tano.